Kabla kamati haijapitisha dawa mpya: namna ya kukagua upendeleo kwenye jaribio la kitabibu

Mwongozo huu ni kwa mfamasia, tabibu, mkunga au daktari wa huku kwetu Mtwara na Lindi ambaye amewekewa makala mezani na kuulizwa: tuanze kutumia dawa hii au tuiache? Makala inasema wagonjwa waligawanywa kwa nasibu, p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa namna hiyo kwa bahati tu) ni ndogo, jarida linajulikana. Wengi huishia hapo, hasa kama aliyeileta makala amekuja pia na chai na vitumbua. Lakini jaribio la nasibu linaweza kuharibika kama kazi nyingine yoyote, na likiharibika linakupa jibu lililopinda, tena kwa sauti ya kujiamini.

Upendeleo ninaouzungumzia si rushwa, na mara nyingi hauna hata nia mbaya ndani yake. Ni jambo lolote katika mpangilio au uendeshaji wa jaribio linalosukuma matokeo kuelekea upande mmoja. Bahati inapungua nguvu kadiri washiriki wanavyoongezeka. Upendeleo haupungui hata ukiandikisha watu elfu kumi. Unachopata ni jibu lilelile lililopinda, sasa likiwa na p ndogo zaidi.

Nitafuata RoB 2 (Risk of Bias, yaani hatari ya upendeleo, toleo la pili), chombo cha ukaguzi kilichotoka mwaka 2019 kuchukua nafasi ya kile cha mwaka 2008 cha Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba. Fomu zake zinapakuliwa bure. Kina maeneo matano, na kila eneo lina maswali yanayojibiwa ndiyo, pengine ndiyo, pengine hapana, hapana, au hakuna taarifa. Kutokana na majibu hayo unatoa hukumu moja kati ya tatu: hatari ndogo, kuna wasiwasi, au hatari kubwa.

Ili tusiongee hewani, nitatumia mfano mmoja tuliotunga kwa ajili ya mafunzo. Jaribio lenyewe halipo, usilitafute. Wajawazito 300 wenye upungufu wa damu wameandikishwa kutoka kliniki za zahanati kadhaa. Kati yao, 150 wamepangiwa dripu ya madini chuma na 150 vidonge vya FeFo (madini chuma na asidi ya foliki) kila siku. Tokeo kuu ni mama kufikisha HB (hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu) ya gramu 11 kwa desilita anapofika wiki ya 36 ya ujauzito. Tokeo la pili ni uchovu, uliopimwa kwa dodoso. Makala inatangaza kwamba asilimia 70 ya waliopata dripu walifikisha 11, na waliomeza vidonge ni asilimia 55.

Kwanza, chagua namba unayoikagua

Usikague makala nzima. Kagua tokeo moja, la muda mmoja, kwa ulinganisho mmoja. Katika mfano wetu, HB ya wiki ya 36 ni ukaguzi mmoja na uchovu ni ukaguzi mwingine, na utaona mbele kwamba hukumu zake zinaweza kutofautiana ingawa washiriki ni walewale. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Wamezoea kuipa makala alama, tatu kati ya tano, kama mtihani wa darasa la saba. Alama hizo zinachanganya mambo yasiyochanganyika: makala iliyoandikwa vizuri inapata pointi, na tundu moja kubwa linafunikwa na mambo manne madogo yaliyokaa sawa.

Kisha amua unauliza swali gani. Je, unataka kujua athari ya kumpangia mama dripu, iwe ataipata yote au hataipata? Au athari ya kuipata kweli kama ilivyokusudiwa? Kamati ya dawa na tiba karibu siku zote inahitaji la kwanza, kwa sababu kamati inapanga tu. Haiwezi kumfuata mama hadi nyumbani kuhakikisha amemeza.

Kusanya karatasi zote kabla ya kuanza: makala, viambatisho vyake, protokali (mpango wa utafiti ulioandikwa kabla), na taarifa za usajili wa jaribio. Makala zenye malipo jaribu kuzipata kupitia HINARI, mpango wa WHO unaozipa taasisi za nchi kama Tanzania fursa ya kusoma majarida. Muulize mkutubi wa chuo kilicho karibu nawe. Usisome muhtasari peke yake. Muhtasari huandikwa kukushawishi uendelee kusoma, na majibu ya maswali ya ukaguzi yamo kwenye sehemu ya mbinu, kwenye mchoro wa mtiririko wa washiriki, na kwenye viambatisho ambavyo bando la wengi huishia kabla hawajavifikia.

Mgao: nani alijua nini kabla mama hajaandikishwa

Maswali ni matatu. Orodha ya mgao ilitengenezwa kwa nasibu kweli? Je, ilifichwa mpaka mshiriki alipokwisha kuandikishwa? Makundi yalivyoanza, kuna dalili kwamba kitu kilikwenda mrama?

La kwanza ni rahisi. Kompyuta, jedwali la namba za nasibu, kura, hata kurusha sarafu: sawa. Jumatatu dripu na Jumanne vidonge: hapana. Namba za faili witiri na shufwa: hapana. Tarehe ya kuzaliwa: hapana. Makala ikisema tu "waligawanywa kwa nasibu" bila kueleza namna, jibu ni hakuna taarifa, hata kama unawafahamu waandishi na unawaheshimu.

La pili ndilo lenye uzito, na ndilo watu hulipita haraka. Mkunga anayeandikisha washiriki ana huruma na ana akili. Akijua kwamba anayefuata kwenye orodha ataangukia vidonge, na mbele yake amekaa mama mwenye HB ya 7 anayehema, atamwambia arudi kesho. Hajafanya ubaya wowote machoni pake. Lakini kundi la vidonge na kundi la dripu sasa si sawa tena, na orodha ya kompyuta haijasaidia chochote. Wakulima wa korosho hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kabla minada haijahamia kwenye mfumo wa kidijitali, bei za wanunuzi zilifungiwa sandukuni na kufunguliwa mbele ya watu, kwa sababu anayejua bei ya mwenzake kabla ya muda hubadilisha yake.

Kwa hiyo tafuta maneno kama haya kwenye makala: mgao ulitolewa na kituo kilicho mbali kwa simu au kwa kompyuta, au dawa zilipakiwa kwenye makopo yanayofanana yenye namba, au bahasha zilizofungwa, zisizopenyeza mwanga, zenye namba mfululizo. Sifa hizo tatu za bahasha zitafute moja moja. Bahasha nyeupe ya dukani ukiiweka mbele ya taa ya kusomea picha za eksirei unaisoma bila kuifungua, na wapo watafiti waliokiri kufanya hivyo. Bahasha zisizo na namba zinaruhusu mtu kufungua hadi apate anayoitaka.

Bahasha zina historia ndefu. Jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, ambalo mtakwimu wake alikuwa Austin Bradford Hill, lilitumia bahasha zilizofungwa ili daktari anayemkubali mgonjwa asijue atakwenda upande gani. Kinachopotea pasipo ulinzi huo kilipimwa baadaye. Mwaka 1995 Kenneth Schulz na wenzake walichambua majaribio 250, yote ya mambo ya ujauzito na uzazi, wakaona kwamba pale mgao ulipofichwa vibaya, uwiano wa odi, kipimo kimoja cha ukubwa wa athari ya tiba, ulikuzwa kwa wastani wa asilimia 41 ukilinganisha na pale ulipofichwa vizuri. Pale ambapo makala haikueleza, ulikuzwa kwa asilimia 30. Ndiyo maana kutoeleza kunahesabika.

Swali la tatu linajibiwa na jedwali la kwanza la makala, lile la sifa za washiriki mwanzoni. Usihangaike na p zilizoandikwa pembeni. Tofauti ndogondogo huletwa na bahati, na zikiwa ishirini, moja kuzidi kidogo ni kawaida. Unachotafuta ni mpangilio: idadi za makundi zisizolingana na njia ya mgao iliyoelezwa, tofauti nyingi zinazoelekea upande mmoja, au tofauti kubwa kwenye kile kile kinachopimwa mwishoni. Katika mfano wetu, kama kundi la dripu lingeanza na wastani wa HB 9.4 na la vidonge 8.3, ningeweka kalamu chini na kurudi kusoma bahasha zilitunzwa na nani. Na makundi yakifanana mno, mpaka nukta ya mwisho, kwenye kila mstari, hilo nalo lina maswali yake.

Baada ya mgao: nini kiliingia katikati

Dripu na vidonge haviwezi kufichwa bila kazi kubwa, kwa hiyo kila mtu kwenye jaribio letu alijua. Wanafunzi wakifika hapa huandika mara moja "hatari kubwa, hakuna kufumbwa macho." Tulia. Kutofumbwa macho, yaani watu kujua nani amepangiwa nini, kunakufanya uulize swali linalofuata: je, kwa sababu watu walijua, kuna kitu kilibadilika ambacho kisingebadilika kwenye kazi ya kawaida?

Mama kuacha FeFo kwa sababu inamtia kichefuchefu ni maisha ya kawaida. Kwenye kliniki yako ataziacha vilevile, kwa hiyo ni sehemu ya athari ya kumpangia vidonge, wala usiliadhibu jaribio kwa hilo. Lakini tuseme wauguzi wa utafiti walikuwa wakiwapigia simu kila wiki mama waliopata dripu, kuwauliza hali na kuwakumbusha kula mboga za majani na dagaa, na waliopangiwa vidonge hawakupigiwa na mtu. Hilo limeletwa na jaribio lenyewe. Sasa hujui kama unapima dripu au unapima simu.

Halafu angalia uchambuzi. Kila mshiriki ahesabiwe kwenye kundi alilopangiwa, hata kama alipata tiba nyingine. Ukiona maneno "tulichambua waliokamilisha tiba", shika kichwa. Wanaokamilisha vidonge vya miezi mitatu si watu sawa na wanaoviacha: wana uwezo zaidi, wanaishi karibu zaidi, wana waume wanaowakumbusha. Ukiwachuja kwa ukamilifu umeuvunja ule mgao wa nasibu uliogharamiwa, na kilichobaki ni uchunguzi wa kawaida.

Wale ambao hawakurudi

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko kwingine, hasa kwa majaribio yanayofanyika vijijini kama kwetu.

Fungua mchoro wa mtiririko. Katika mfano wetu unasema hivi: dripu, 150 waliandikishwa na 138 wakapimwa wiki ya 36. Vidonge, 150 waliandikishwa na 109 wakapimwa. Kumi na wawili hawapo upande mmoja, arobaini na mmoja upande wa pili. Makala inawataja kwa sentensi moja: walipotea kwenye ufuatiliaji.

Kwenye kikao cha mafunzo tulipofika hapo, mkunga mmoja mkongwe aliinua miwani na kuuliza, "Hawa mama arobaini na mmoja wamekwenda wapi?"

"Wamepotea, Sista."

"Mtu hapotei Tandahimba. Vipimo vilifanyika lini?"

Tulirudi kwenye zoezi: Oktoba hadi Desemba. Yaani msimu wa korosho wenyewe, familia zimehamia mashambani kuokota, nyumba zimefungwa, simu hazina chaji. "Na anayeweza kuinama kuokota korosho kutwa nzima na mimba ya miezi minane," akasema, "huyo damu yake haijambo. Mgonjwa ndiye aliyebaki mjini karibu na hospitali."

Swali zima la eneo la tatu limo humo. Idadi ya waliokosekana ni mwanzo tu. Kama taarifa zipo kwa karibu kila mtu, tuseme asilimia 95 na zaidi, mara nyingi unaweza kupita. Zikipungua hapo, uliza kama kukosekana kwenyewe kunaweza kutegemea tokeo unalopima, na kama sababu zinatofautiana kati ya makundi. Mama aliyejifungua kabla ya wiki ya 36, aliyehamishiwa hospitali ya rufaa kuongezewa damu, aliyefariki, na aliyekwenda shamba kwa sababu ana nguvu, wote wameandikwa "hakurudi", lakini kila mmoja anaivuta namba upande wake.

Chukua kikokotoo cha simu ujaribu. Waliofikisha 11 ni 97 kati ya 138 upande wa dripu, na 60 kati ya 109 upande wa vidonge. Hiyo ndiyo asilimia 70 na 55 ya kwenye makala. Sasa mchukulie Sista kwa neno lake, lakini kwa kiasi: asilimia 70 hivi ya wale 41 wa shambani walikuwa wamefikisha, yaani 29, na nusu ya wale 12 wa dripu, yaani 6. Vidonge vinakuwa 89 kati ya 150, asilimia 59. Dripu 103 kati ya 150, asilimia 69. Faida imeshuka kutoka pointi 15 hadi 10 hivi. Nenda mwisho kabisa wa kamba: wote 41 walifikisha na wote 12 hawakufikisha. Vidonge 101 kati ya 150, asilimia 67, na dripu 97, asilimia 65. Mshindi amebadilika.

Hali hiyo ya mwisho haielekei kutokea, na si haki kuitumia kulitupa jaribio. Kazi yake ni kukuonyesha kwamba waliokosekana wanatosha kubeba jibu zima. Waandishi makini hufanya hesabu za namna hii wenyewe na kuziweka kwenye viambatisho. Kama hazipo, na sababu za kukosekana zinatofautiana kama hapa, mimi naandika hatari kubwa. Kuna wanaojaza nafasi hizo kwa njia ya kubeba mbele kipimo cha mwisho alichopimwa mshiriki. Usidanganyike, njia hiyo peke yake haiondoi tatizo. Inakisia tu kwamba HB ya mama ilisimama pale alipoonekana mara ya mwisho, jambo ambalo kwa mjamzito halina mantiki.

Nani alipima, na alijua nini

Sasa faida ya kukagua tokeo moja moja inaonekana. HB iliyosomwa na mashine haijui mama alikuwa kundi gani. Uchovu unaojazwa na mama mwenyewe unajua, kwa sababu anayejibu dodoso ndiye mpimaji, na mama aliyetundikiwa dripu ya kisasa ana matarajio tofauti na yule aliyepewa vidonge vilevile vya miaka yote. Kwa uchovu ningeandika hatari kubwa. Kwa HB, pengine ndogo.

Pengine, kwa sababu mashine nayo ina mambo yake. Kama kundi la dripu lilipimwa maabara ya hospitali na kundi la vidonge kwa HemoCue (mashine ndogo ya kupimia HB) ya zahanati, vipimo havilingani na tofauti ya makundi imechanganyika na tofauti ya mashine. Kama wa dripu walipimwa mara nne na wa vidonge mara moja, nafasi za kukutwa na HB nzuri hazikuwa sawa. Hata tone la kwanza la damu ya kidole, likikamuliwa kwa nguvu, hubadilisha jibu. Wenzetu wa maabara wanalijua hilo kuliko mwandishi yeyote wa makala, kwa hiyo waalike.

Lile jaribio la streptomaisini la 1948 halikuwa na plasebo (dawa bandia), na wagonjwa waliochomwa sindano walijua wanachomwa. Lakini picha za kifua zilisomwa na watu wasiojua ipi ni ya nani. Ukishindwa kumfumba macho mgonjwa, mfumbe msomaji wa picha.

Kifo kinahitaji ulinzi mdogo zaidi. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, lilifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, na hospitali ya Teule kule Muheza ilikuwa moja ya vituo. Watoto wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika walipangiwa maji ya haraka ya mshipani au kutopewa maji hayo. Hakukuwa na kuficha. Ndani ya saa 48, waliofariki ni asilimia 10.6 kwa waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu), 10.5 kwa waliopewa salini (maji ya chumvi), na 7.3 kwa wasiopewa. Tazama upande: wengi tulilelewa kitaaluma tukiamini maji ya haraka yanaokoa. Kama kujua mgao kungepinda kitu, kungepinda kuyapendelea maji. Matokeo yalikwenda kinyume na imani ya waliokuwa wodini, na hilo linayapa nguvu zaidi. Kila unapoandika neno upendeleo, andika pia unaelekea upande gani. Hukumu isiyo na upande haimsaidii anayetakiwa kuamua.

Namba iliyochaguliwa kutangazwa

Katika mfano wetu, damu ilipimwa wiki ya nne na ya nane baada ya kuanza tiba, na wiki ya 36 ya ujauzito. Inaweza kutangazwa kwa wastani, kwa waliofikisha 10, au kwa waliofikisha 11. Hizo tayari ni namba tisa, na moja ikikosa kupendeza kuna nane nyingine. Unataka kujua kama iliyotangazwa ilichaguliwa kabla ya kuona majibu au baada.

Ingia kwenye rejista. Majaribio ya Afrika mengi yako kwenye PACTR, rejista ya bara iliyoko Afrika Kusini, au ClinicalTrials.gov ya Marekani. Namba ya usajili huwa imeandikwa mwishoni mwa muhtasari. Tangu 2005 majarida makubwa ya tiba yanadai usajili kabla ya mshiriki wa kwanza. Angalia tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya kuanza kuandikisha. Kisha soma tokeo kuu lililosajiliwa neno kwa neno, uliweke pembeni mwa lile la makala. Fungua pia historia ya marekebisho, kwa sababu kuna wanaobadilisha baada ya jaribio kwisha.

Kama rejista ya jaribio letu ingesema tokeo kuu ni wastani wa HB wiki nne baada ya kuanza tiba, na makala imetangaza waliofikisha 11 wiki ya 36 bila kueleza mabadiliko, hiyo ni hatari kubwa bila mjadala mrefu. Kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), kwa majaribio ya dawa yanayofanyika nchini, vinakuambia utafiti uliruhusiwa. Havikuambii namba zilichaguliwaje, kwa hiyo usivitumie kama jibu hapa.

Jaribio likigawa kata badala ya watu

Huku kusini tumekuwa uwanja wa majaribio ya aina hii, kwa hiyo usishangae ukikutana nayo. Utafiti wa kuwapa watoto wachanga SP ya kinga dhidi ya malaria pamoja na chanjo ulipangwa kwa tarafa: 12 kati ya 24, katika wilaya za Lindi na Mtwara. Baadaye ukaja ule wa ushauri nasaha wa nyumbani kwa wajawazito na wazazi, uliogawa kata katika wilaya sita na kuchapishwa mwaka 2015. Haukuonyesha kupungua kwa vifo vya watoto wachanga, ingawa baadhi ya mienendo ya kujifungua na kunyonyesha ilibadilika.

Kwenye majaribio haya ongeza swali moja: washiriki walitambuliwa kabla au baada ya kata kujulikana imeangukia kundi gani? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa na kupewa baiskeli atawapata wajawazito wengi zaidi, na wa mapema zaidi, kuliko mwenzake wa kata jirani. Ukilinganisha waliosajiliwa naye na waliosajiliwa na mwenzake, unalinganisha watu tofauti. Kuhesabu kaya zote za pande zote mbili kunapunguza tatizo hilo. Ipo fomu ya RoB 2 ya majaribio ya makundi, itumie hiyo.

Kuandika hukumu

Ukaguzi ufanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha wakutane. Wasipokubaliana, wa tatu aamue. Kwenye hospitali yenye wafanyakazi wachache hii inaonekana anasa, lakini ukaguzi wa tokeo moja ukishazoea hauli mchana mzima, na kumuoanisha mfamasia na mkunga kunatoa majibu bora kuliko madaktari wawili waliosoma chuo kimoja.

Hukumu ya jumla haijumlishwi. Maeneo yote yakiwa na hatari ndogo, jumla ni ndogo. Moja likiwa na wasiwasi, jumla ina wasiwasi. Moja likiwa na hatari kubwa, jumla ni kubwa, hata kama mengine manne yanang'aa. Wasiwasi ukirundikana maeneo kadhaa, nao unaweza kukupeleka kwenye hatari kubwa. Fedha za kampuni si eneo mojawapo la fomu. Ukiona kampuni imelipa, soma eneo la kwanza (mgao) na la tano (namba iliyochaguliwa kutangazwa) mara mbili, basi.

Kwenye kumbukumbu za kikao usiandike "makala ni dhaifu." Andika kitu ambacho mjumbe wa mwakani ataweza kukipinga. Kwa jaribio letu la kubuni, tukichukulia kwamba mgao ulifanywa na kompyuta kutoka kituo cha mbali, kwamba hakukuwa na simu za kila wiki, kwamba kila mama alihesabiwa kwenye kundi lake, kwamba HB zote zilipimwa kwa mashine za aina moja, na kwamba tokeo kuu lilisajiliwa mapema, ingesomeka hivi:

*Tokeo: HB kufikia gramu 11, wiki ya 36, dripu dhidi ya FeFo, kwa mgao wa awali. Mgao: hatari ndogo, kompyuta ya kituo cha mbali. Mabadiliko ya tiba: hatari ndogo. Taarifa zilizokosekana: hatari kubwa, 12 kati ya 150 dhidi ya 41 kati ya 150, msimu wa korosho, waliokosekana upande wa vidonge pengine wana afya zaidi, hakuna uchambuzi wa kujaribu dhana nyingine. Upimaji: hatari ndogo, mashine aina moja. Uchaguzi wa tokeo: hatari ndogo, limesajiliwa kabla. Jumla: hatari kubwa, kuelekea kuikuza faida ya dripu. Tokeo la uchovu limekaguliwa kwenye fomu ya pili. Hatua: mfamasia awaandikie waandishi kuomba sababu za kutorudi kwa kila kundi, na atafute majaribio mengine ya swali hilihili yaliyofuatilia washiriki nje ya msimu, kamati ijadili tena kikao kijacho.*